Nextcloud ya ofisi kwenye kompyuta ya mtumba na Docker, tujadili yale ambayo video za YouTube zinarukaga

Fundi_Kimya (mwanzisha uzi)

Wakuu habarini za mihangaiko. Naona inbox maswali ni yale yale, mara Docker (programu ya kuendeshea makontena) mara Nextcloud (klaudi ya mafaili unayoiendesha kwenye mashine yako mwenyewe) mara "mkuu mbona yangu haifunguki nje", nimeona bora nifungue uzi kabisa tuongelee hapa kila mtu aone.

Kisa chenyewe, kuna ofisi moja ya wachora ramani za majengo hapa Dar naisaidia mambo ya kompyuta, ofisi ndogo tu ya watu wachache. Michoro yao yote ilikuwa kwenye klaudi ya nje. Sasa mnaikumbuka ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika? Wiki ilipoanza pale ofisini ilikuwa burudani, jamaa wawili meza zao zinagusana lakini faili la mchoro kutoka kwa huyu kwenda kwa yule lazima livuke bahari kwanza halafu lirudi, na bahari ndo hiyo haipitiki. Wakarudi kwenye flashi, na flashi na virusi ni ndugu. Baada ya pale bosi akasema anataka kitu kinachokaa hapa hapa ofisini ambacho intaneti ikifa kazi inaendelea.

Kwa hiyo tulichofanya, tulichukua ile kompyuta ndogo ya mtumba ya ofisini, zile ThinkCentre Tiny au EliteDesk mini, Kariakoo zipo za kumwaga, i5 kizazi cha 6 ile yenye herufi T mwishoni, RAM GB 16, SSD kwa ajili ya mfumo na diski ya TB 4 kwa ajili ya mafaili. Debian bila desktopu, Docker juu yake, basi.

Kwa wageni nieleze kidogo. Kontena sio kompyuta ndani ya kompyuta kama VirtualBox, linatumia keneli ile ile ya Linux ya mashine yako, ila linawekewa ukuta lione mafaili yake tu, mtandao wake na prosesi zake, ndo maana linawaka kwa sekunde chache na halili RAM ovyo. Docker ilitoka 2013 na kabla yake hivyo vitu vilikuwepo kwenye Linux ila kuvitumia ilikuwa shughuli. Sasa jambo ambalo watu wengi hawalishiki ni kwamba kontena ni kitu cha kutupa. Ukiliapdeti hauliapdeti, unalifuta unaunda jipya kutoka kwenye imeji mpya, yaani kile kifurushi cha programu. Chochote kilichokuwa kimeandikwa ndani yake bila kutolewa nje kimeenda na maji. Kwa hiyo mstari wa maana kuliko yote kwenye faili la compose (linaloorodhesha makontena yote na mipangilio yake) ni ule wa volumes, unaofanya folda ya ndani ya kontena itunzwe kwenye diski yako, mengine yote unaweza ukayaandika upya ukiwa unakunywa chai.

Faili lenyewe nimelipunguza:

```
services:
  db:
    image: postgres:16
    restart: unless-stopped
    env_file: .env
    volumes:
      - /srv/nextcloud/db:/var/lib/postgresql/data
  redis:
    image: redis:7
    restart: unless-stopped
  app:
    image: nextcloud:31-apache
    restart: unless-stopped
    depends_on: [db, redis]
    env_file: .env
    ports:
      - "127.0.0.1:8080:80"
    volumes:
      - /srv/nextcloud/html:/var/www/html
      - /mnt/data/nextcloud:/var/www/html/data
```

Mbele yake nimeweka Caddy ipokee watu na kushughulika na cheti cha HTTPS. Angalieni hiyo 127.0.0.1 kwenye porti, nimeiweka makusudi na nitaieleza mtu akiuliza. Na humu ndani app inaitafuta database kwa jina la `db`, sio localhost, maana localhost ndani ya kontena ni kontena lenyewe, hapa ndo vijana wengi wanakwama siku ya kwanza.

Karibuni, kila mtu amwage anachokijua.

---

MkaziWaMbezi

Uzi mtamu huu, naweka kambi hapa.

---

Pesa_Makaratasi

Mkuu hongera lakini mimi niko upande wa pili. Klaudi ya kulipia GB 100 kwa mwezi ni hela ya soda mbili tatu. Wewe umenunua mashine, umenunua diski, kuna umeme, kuna wewe mwenyewe kulipwa kila ikizingua. Hesabu inakubali kweli?? Isije ikawa tunapenda tu kuona terminali nyeusi.

---

Fundi_Kimya

@Pesa_Makaratasi swali zuri na sikatai, kama ni wewe na picha zako na vyeti vyako vya shule lipia klaudi ulale. Hii ofisi ina TB karibu 2 za michoro na picha za saiti, hapo bei ya klaudi sio soda tena, na hata ukilipa bado utaipakia kwa intaneti ya hapa.

Umeme tuupigie hesabu. Hiyo mashine ikiwa imetulia pamoja na diski inakula kama wati 15. 15 mara masaa 24 mara siku 30 ni uniti 10.8 kwa mwezi. Kwa ofisi iliyoko kwenye tarifu ya kawaida ambapo elfu moja inakupa uniti 2.8 hapo ni chini ya elfu nne. LAKINI, na hili mtu haambiwi, ukiifunga nyumbani na uko kwenye ile tarifu ya matumizi madogo ya uniti 75 kwa mwezi, na wewe tayari unagusa 68 au 70, hizo uniti 11 zinakuvusha mstari, na ukivuka bei ya uniti inaruka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo gharama ya seva kwako sio uniti 11 tu, ni LUKU nzima kubadilika. Angalia matumizi yako kwanza.

---

msee_wa_Nakuru

Hii thread iko sawa kabisa. Mimi niko Kenya, natumia Starlink home, na shida yetu huku ni CGNAT, yaani hauna IP (anwani ya intaneti) yako mwenyewe, mko wengi nyuma ya moja. Ukiangalia IP ya WAN kwa ruta uone inaanza na 100.64 mpaka 100.127 jua hapo port forwarding ni kujisumbua, hakuna mtu atakufikia kutoka nje.

Kitu ingine CGNAT inaleta na watu hawaijui, Docker Hub (ghala la imeji mtandaoni) inahesabu imeji unazovuta kwa IP, ni 100 kwa masaa 6 kama hujaingia na akaunti. Sasa kama mtaa mzima mko kwa IP moja na kuna msee hapo anavuta vitu ovyo, wewe hujavuta hata moja unaambiwa `toomanyrequests`. Nimeona watu wakifuta Docker na kuinstall upya juu ya hiyo. Fungua akaunti ya bure, `docker login`, kwisha, unahesabiwa kivyako.

Kufikia nje mimi natumia Tailscale (mtandao binafsi unaounganisha vifaa vyako popote vilipo) kwa sababu ni familia tu. Kwa ofisi mnafanyaje?

---

Fundi_Kimya

@msee_wa_Nakuru hapa ndo nilipotaka tufike kwa sababu ndo penye utata. Njia ambayo kila video inakuonyesha ni Cloudflare Tunnel: unaweka kontena la cloudflared, linatoka lenyewe kwenda kwao, watu wanaingia kwa domeini yako, hauhitaji IP wala kufungua porti. Ni rahisi na ya bure. Sasa ofisi nzima ikizoea kuingia kwa hiyo domeini, yule kijana aliyekaa mita tatu kutoka kwenye seva akifungua faili, ombi lake linatoka nje ya ofisi linagonga Cloudflare linarudi ndani kupitia taneli. Nyaya zikikatika tena tumerudi pale pale, seva iko chini ya meza inapumua na hakuna anayeifikia. Umehama klaudi ya watu ukajitengenezea klaudi ile ile kwa mzunguko mrefu zaidi!

Dawa yake ni jina moja majibu mawili. Nje ya ofisi domeini inajibiwa na Cloudflare, ndani ya ofisi ruta au dnsmasq (programu ndogo ya DNS, yaani ya kugeuza jina kuwa IP) inajibu jina lile lile kwa IP ya ndani, mfano 192.168.1.10. Laptopu haijui tofauti, ikiwa ofisini inakwenda moja kwa moja kwenye seva, ikiwa nyumbani inazunguka. Cheti cha HTTPS unakichukua kwa njia ya DNS, ile ambayo Let's Encrypt (watoa vyeti vya bure) inaangalia rekodi kwenye domeini yako badala ya kugonga porti 80, kwa hiyo hata nyuma ya CGNAT kinatoka. Caddy ya kawaida haiji na hiyo moduli, lazima uijenge na moduli ya mtoa DNS wako. Cheti kinadumu siku 90 na Caddy inakihuisha mapema, kwa hiyo intaneti ikikatika hata wiki mbili haupati lile onyo jekundu.

Halafu pimeni kwa vitendo. Chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, fungua mchoro. Kama haufunguki kazi haijaisha hata kama kila kitu kina kijani.

---

bintiwa_Arusha

Nakazia hapo kwa Fundi. Ila jamani angalieni kitu kimoja, simu za Android na vivinjari sa hivi vina DNS yake ya siri, ile Private DNS, ikiwekewa mtoa huduma wa nje inaipita ruta inaenda kuuliza nje. Kwa hiyo laptopu zote zinafanya kazi alafu simu ya bosi peke yake inazunguka nje na bosi ndo wa kwanza kupiga simu. Izimeni kwenye hizo simu.

---

Unguja_Mjini

Assalaam alaykum. Mie nimejifunza mengi hapa. Mie natumia Immich ya picha za familia, ipo nyumbani Unguja, kaka yupo Maskati nae anatia picha zake humo humo. Picha zinaingia vizuri lakini video zake zinagoma, zinafika katikati zinarudi mwanzo. Tumepita kwenye taneli hiyo ya Cloudflare. Tatizo nini wajuzi?

---

msee_wa_Nakuru

@Unguja_Mjini hiyo ni limiti ya Cloudflare, mpango wa bure faili moja likizidi MB 100 kwa ombi moja linakatwa. Nextcloud inakata faili vipande vipande so inapita, Immich inatuma video nzima mara moja. Video ya dakika moja ya 4K imeshapita hapo. Mwekee kaka yako Tailscale kwa simu, app ya Immich iandike anwani ya Tailscale, itapanda.

---

Unguja_Mjini

Ahsante sana ndugu yangu, nitamwambia leo inshallah.

---

dogo_wa_mwanza

Wakuu msaada wa harakaaa. Nina Nextcloud nyumbani ilikuwa inapiga kazi poa tu, jana usiku nimeapdeti kwa `docker compose pull` na `up -d` kama kawaida yangu, leo asubuhi inaleta Internal Server Error. Kontena la database linawaka linazima linawaka linazima. Kwenye compose nimeandika `postgres:latest`, yaani database ya Postgres toleo jipya lolote. Logi inasema hivi

`FATAL: database files are incompatible with server`
`DETAIL: The data directory was initialized by PostgreSQL version 16, which is not compatible with this version 17`

Kuna picha za marehemu bibi humo, sijalala. Kuna mtu kaniambia nifute hiyo folda ya db inaundwa upya, nifute?

---

Fundi_Kimya

@dogo_wa_mwanza USIFUTE CHOCHOTE. Toa mkono kwenye kibodi kwanza.

Data yako ipo salama salimini, hiyo meseji maana yake Postgres 17 imefungua folda ikaona ni ya 16 ikakataa kuigusa. Imekataa, haijaharibu. Na picha zenyewe haziko kwenye database hata kidogo, ziko kwenye folda ya data kama mafaili ya kawaida, ingia na `ls` utaziona na majina yake. Kilichoko kwenye database ni watumiaji, nani kamshirikisha nani, na orodha ya mafaili.

Fanya hivi. `docker compose down`, narudia ni down tupu, usiongeze `-v` maana hiyo v inafuta voliumu zote zilizotajwa kwa majina kwenye faili na haiulizi mara mbili. Hariri compose, badala ya latest andika `postgres:16`. `up -d`. Utarudi ulipokuwa jana mchana.

Ukitaka kweli kwenda 17, sio leo, unatoa kwanza kila kitu kwa maandishi:

`docker compose exec -T db pg_dumpall -U nextcloud > db.sql`

hiyo -U weka jina ulilotumia kwenye .env yako (lile faili la paswadi na mipangilio). Kisha unazima, folda ya zamani unaibadilisha jina, unaweka tegi 17 inaanza na folda tupu, unarudisha ile db.sql ndani. Ya zamani unaifuta baada ya kuhakikisha.

Na Nextcloud yenyewe ina tabia nyingine, hairuki toleo kubwa. Kama uko 29 hauwezi kwenda 31, lazima upite 30 kwanza. Ndo maana mimi naandika namba kwenye kila imeji na latest siigusi kwenye kitu chenye database.

---

dogo_wa_mwanza

IMERUDIIII 🙏🙏 picha zote zipo. Mkuu Mungu akubariki sana, nina mengi ya kusema ila ngoja kwanza nivute pumzi.

Swali la mwisho, nilibadilisha paswadi ya database kwenye .env kipindi kile, mbona Postgres bado inakubali ile ya zamani tu?

---

bintiwa_Arusha

@dogo_wa_mwanza pole na hongera. Hiyo POSTGRES_PASSWORD inasomwa siku folda ya db ni tupu tu, yani siku ya kwanza. Baada ya hapo unaweza andika chochote kwenye .env yenyewe haiangalii. Ingia ndani kwa psql upige ALTER USER, na kwenye config.php ya Nextcloud nako ubadilishe, sio huku peke yake.

Alafu Fundi kuna kitu hujakigusa na ndo kinaua hizi seva za mtumba. Diski ya nje ya USB. Umeme ukikatika ukarudi, mashine inawaka, diski ya USB inachelewa kuamka, Docker haisubiri. Inaona `/mnt/data` ni folda tupu kwenye SSD, inaendelea tu. Kuna duka moja la stationari nililiokoa, wao walikuwa na app nyingine sio Nextcloud, ile haikulalamika hata kidogo, ikaanza kupokea mafaili mapya kwenye SSD ndogo ya mfumo. Wafanyakazi wanasema "mafaili ya zamani yamepotea" kumbe yapo kwenye diski, ila mapya yako mahali pengine, na SSD imejaa mpaka mashine inakataa hata kuingia. Nextcloud ina afadhali, inatafuta kile kifaili cha .ncdata kwenye folda ya data, isipokiona inagoma kufunguka.

Tiba: kwenye fstab (faili linaloiambia mashine diski za kuunganisha ikiwaka) tumia UUID ya diski, yaani namba yake ya kudumu, sio /dev/sdb maana hizo herufi hubadilika, na huduma ya Docker iambiwe isiwake bila diski. `systemctl edit docker` unaandika

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/mnt/data
```

Diski isipokuja, Docker haiwaki, unajua mara moja kuna tatizo. Bora seva izime kuliko iandike pasipo sahihi.

---

Fundi_Kimya

Hii ya dada ni dhahabu, weka kwenye maandishi yako. Na UPS jamani, hata ile ndogo ya ruta na mashine tu. Kwenye BIOS washeni ile ya kompyuta kujiwasha umeme ukirudi, la sivyo mtu wa ofisi atakupigia Jumatatu saa mbili kasoro kukwambia "imegoma" kumbe haijawashwa.

---

Pesa_Makaratasi

Nafuatilia kimya kimya na naanza kulegea 😂. Hiyo 127.0.0.1 ulisema utaieleza.

---

Fundi_Kimya

Ni hivi, ukiandika `8080:80` bila hiyo anwani, Docker inafungua porti kwa dunia nzima na inaandika sheria zake za iptables ambazo zinaipita UFW, ule ukuta wa kuzuia porti kwenye Linux. Umeweka ufw deny, umeangalia status ni active, unalala, kumbe porti iko wazi. Nyumbani nyuma ya CGNAT hauwezi kuona madhara yake haraka. Ila kwenye VPS (seva ya kukodi mtandaoni) yenye IP ya kweli, mtu kaweka database `5432:5432` na paswadi ni jina la kampuni, hapo wanaingia kabla hujamaliza kunywa maji. Database haihitaji mstari wa ports kabisa, makontena yanaonana yenyewe kwa ndani.

---

MkaziWaMbezi

Mimi yangu diski ilijaa GB 90 na sina mafaili hata GB 10, hii ni nini wazee?

---

msee_wa_Nakuru

@MkaziWaMbezi logi buda. Docker ikiachwa na mpangilio wake wa mwanzo inaandika logi bila kikomo. Piga `du -sh /var/lib/docker/containers/*` utaona mwizi. Weka max-size 10m na max-file 3 kwa daemon.json, restart Docker, halafu UNDA makontena upya kwa `up -d --force-recreate`, yale ya zamani hayafuati sheria mpya. Ikiwa sio logi, `docker system df` uone imeji za zamani, hizo unasafisha na `docker image prune`.

---

dogo_wa_mwanza

Nimesoma yote toka juu. Sasa nataka bakapu ya kueleweka isije ikanikuta tena. Nikinakili tu folda zote kwenda diski ingine inatosha?

---

bintiwa_Arusha

Folda ya picha sawa. Folda ya db hapana, ukiinakili Postgres ikiwa inaandika unapata picha iliyotikisika, inaweza ikakataa kufunguka siku unaihitaji. Mpangilio wangu wa usiku: washa maintenance mode (Nextcloud inajifunga watu wasiandike), pg_dump (inatoa database kwa maandishi), restic (programu ya bakapu) ichukue ile dump pamoja na folda ya data na config na compose na .env, zima maintenance.

`docker compose exec -u www-data app php occ maintenance:mode --on`

Restic inafunga kila kitu kwa siri na inatuma mabadiliko tu, kwa hiyo ile mara ya kwanza peleka kwenye diski ya mkononi hapo hapo nyumbani, usijaribu kuisukuma TB kwa bando. Nakala ya pili iende nyumba nyingine kabisa, kwa shangazi kwa mjomba popote, maana mwizi akija hachagui diski. Paswadi ya restic iandike kwenye karatasi, ikipotea hakuna wa kumpigia simu.

Alafu jaribu kurudisha kwenye laptopu nyingine. Sio kuangalia kama bakapu ipo, kuirudisha mpaka uingie uone picha ya bibi.

---

dogo_wa_mwanza

Nimerudisha kwenye laptopu ya dada yangu, kontena zote zimewaka lakini ukurasa unasema "Access through untrusted domain".

---

Fundi_Kimya

Hiyo ni habari njema, database imesomwa vizuri. Inakukatalia jina tu kwa sababu unaingia kwa IP ya laptopu ambayo haiko kwenye orodha yake.

`docker compose exec -u www-data app php occ config:system:set trusted_domains 5 --value=192.168.0.23`

IP weka yako. Ikifunguka ila ikakupeleka kwa nguvu kwenye https, angalia overwriteprotocol kwenye config.php, kwa majaribio ya laptopu itoe. Na hakikisha folda ya data mmiliki wake ni namba 33 (ndo yule www-data), restic ukirudisha bila root inaweka jina lako.

---

dogo_wa_mwanza

Ilikuwa 1000 sio 33, nimepiga chown imefunguka. Laptopu naizima dada anaitaka, diski napeleka Nyakato kesho.